Hesabu ikifurika mashine inajua, mbona inyamaze?

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wale mnaongoja sehemu ya pili kuhusu kuweka seva nyumbani mnisamehe, itakuja. Leo nina jambo linalonikereketa na sitalala vizuri kabla sijalitoa. Ni kuhusu lugha ya C, kompaila zake, na mafundi wenzangu ambao kila hesabu ikiharibika husema "kosa ni la mwandishi wa programu", halafu wanaendelea na chai yao.

Kwanza kisa chenyewe.

Mwaka juzi niliandika programu ya mashine ndogo ya kupokea pesa, zile za mkononi zenye karatasi ya risiti, kwa ajili ya sacco moja ya wenye matatu. Jina la sacco nalihifadhi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kila jioni magari 60 yanaleta akiba ya shilingi 2,000 kila moja, karani anabonyeza, risiti inatoka, na mashine inatunza jumla ya pesa zote ilizopokea tangu siku ya kwanza. Ndani mna prosesa ya ARM ya biti 32, kumbukumbu kiduchu, na programu ni C tupu. Pesa niliziweka kwa senti, kwa maana mtu mwenye akili timamu hahesabu pesa za watu kwa desimali zinazoelea. Jumla nikaiweka kwenye int.

Wanaojua wameshacheka. Nambari kamili yenye alama, ya biti 32, inaishia 2,147,483,647. Kwa senti hizo ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini wahenga hawakutuambia kwamba kibaba cha biti 32 kikijaa kinageuka kuwa deni. Shilingi 120,000 kwa siku, mara siku 179, ni 21,480,000. Jioni ya siku ya 179 mashine ilichapisha jumla ya -21,469,672.96.

Simu niliyopigiwa sitaisahau. "Kijana wangu," aliniambia mama mweka hazina, kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko matusi, "mashine yako inasema sisi ndio tunadaiwa milioni ishirini na moja. Naomba uje." Nilipofika wanachama walikuwa wameshakutana. Mama yule alikuwa ameombwa akae kando hadi vitabu vihesabiwe upya, kwa sababu kwenye sacco nambari zikienda mrama mtu wa kwanza kutazamwa ni aliyeshika funguo. Risiti zilihesabiwa kwa mkono siku tatu. Haikupotea hata shilingi moja. Lakini siku hizo tatu alizikaa nyumbani huku jina lake likitafunwa stejini na makanga wa umri wa wanawe, na ni mimi niliyemfikisha hapo.

Kutumia int lilikuwa kosa langu, nalikubali mbele yenu nyote. Kinachoniudhi ni kwamba nilikuwa nimeweka ukaguzi. Nilijua jumla inaweza kufurika siku moja, nikaandika hivi:

    if (kiasi <= 0) return KATAA;
    if (jumla + kiasi < jumla) return KATAA;
    jumla = jumla + kiasi;

Ukiongeza nambari chanya halafu matokeo yakawa madogo kuliko ulipoanzia, basi imefurika. Mtoto wa darasa la sita ataelewa. Nyumbani nilikusanya programu kwa Clang bila uboreshaji wowote, nikaisukuma jumla hadi ukingoni, ukaguzi ukashika, nikafurahi. Ile iliyoingia kwenye mashine ilikusanywa kwa GCC na swichi ya -O2. Baada ya balaa niliifungua, nikasoma maagizo ya prosesa moja baada ya jingine nikitafuta ulinganisho wa mstari wa pili. Haukuwepo. Kompaila ilikuwa imeufuta.

Hoja yake ni hii. Kiwango rasmi cha C kinasema nambari yenye alama ikifurika, tabia ya programu haijafafanuliwa. Kompaila inasoma hapo kwamba ina ruhusa ya kuchukulia kuwa jambo hilo halitokei kamwe. Kama halitokei, basi "jumla + kiasi < jumla" ni sawasawa na "kiasi < 0". Na mstari wa kwanza umeshahakikisha kwamba kiasi ni chanya. Kwa hiyo jibu ni "hapana" daima, na swali lenye jibu moja halina haja ya kuulizwa. Futa.

Yaani ukaguzi wa kufurika umeondolewa kwa hoja kwamba kufurika hakuwezekani. Ni askari wa zamu anayeenda kulala kwa sababu sheria inakataza wizi.

Na msifikiri hili ni jipya. Januari 2007, mimi nikiwa bado shule ya msingi, iliwasilishwa kwa watu wa GCC ripoti ya hitilafu namba 30475: mtu aliweka assert(a + 100 > a), kompaila ikaitoa, programu ikapita hapo ikiimba na kuchapisha nambari hasi. Majibizano yake ukiyasoma leo bado yanaunguza. Ripoti ilifungwa kwa muhuri wa "si halali", kwamba kiwango kinaruhusu. Aprili 2008 CERT ya Marekani ikatoa onyo VU#162289 kwamba baadhi ya kompaila za C hutupa kimyakimya ukaguzi wa namna hii. Mfano wao ulikuwa wa pointa lakini mantiki ni ileile. Mimi nimekuja kuanguka kwenye shimo hilohilo miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada ya sayansi ya tarakilishi ukutani. Kwenye mtihani wa mwaka wa pili niliandika ukaguzi wa aina hii hasa, nikapewa alama zote.

Nitende haki kidogo. Watengenezaji wa kompaila si wendawazimu. Ukiandika for (int i = 0; i <= n; i++), kompaila ikichukulia kwamba i haifuriki inajua kitanzi kitaisha, na kwenye prosesa za biti 64 haina haja ya kuipanua i kila mzunguko. Faida ipo kweli, hasa kwenye vitanzi vya hesabu nzito. Lakini angalia tulichouza ili tuipate: haki ya kuuliza kama hesabu imekwenda sawa. Hata Linux haikukubali biashara hiyo, kerneli yake hukusanywa kwa -fno-strict-overflow.

Kuna swichi ya -fwrapv pia, ambayo inaiambia kompaila nambari izunguke kama mita ya gari kuukuu inayofika 99999 na kurudi 00000. Kwa swichi hiyo ukaguzi wangu ungebaki hai. Ila gari lisilo na ukaguzi litazunguka tu na kuonekana jipya, kwa hiyo hiyo ni nusu ya dawa. Ya tatu ni -ftrapv, ambayo ingepaswa kusimamisha programu papo hapo, lakini kwa miaka mingi ilijulikana kwa kuruka baadhi ya hesabu. Mlinzi wa kuchagua milango sitaki.

Sasa nije kwa wale wa "mwandishi stadi anajua mipaka ya nambari zake". Ndugu zangu, mwandishi huyo hajazaliwa. Juni 2002 OpenSSH, programu iliyoandikwa na watu wanaojulikana dunia nzima kwa ukali wao kuhusu usalama, ilikutwa ikipokea idadi ya majibu kutoka kwenye mtandao, ikiizidisha kwa ukubwa wa pointa, na kuomba kumbukumbu ya kiasi hicho. Mshambuliaji akituma idadi kubwa, jibu la kuzidisha linazunguka na kuwa dogo, kumbukumbu inayotolewa ni finyu, na data inamwagika nje yake. Toleo la 3.4 likaziba. Na hapo nambari haikuwa na alama, yaani kiwango kinaifafanua vizuri kabisa: inazunguka. Kufafanuliwa hakukumsaidia mtu. Juni 2006 Joshua Bloch aliandika kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu alioutengeneza yeye mwenyewe kwenye maktaba ya Java ulikaa na kasoro kwa takriban miaka tisa, kwa sababu ya (low + high) / 2. Kuongeza namba mbili na kugawa kwa mbili! Kama Bloch anaweza kuteleza hapo, mimi na wewe tunaoandika usiku wa manane baada ya foleni ya Thika Road tutaachwa vipi?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba prosesa inajua. ARM ya mashine ile ikifanya ADDS inainua bendera ya V palepale hesabu inapofurika, bila malipo ya ziada, na agizo moja tu la BVS linatosha kuruka kwenda kwenye msimbo wa dharura. Prosesa za Intel zina bendera ya namna hiyo tangu enzi za 8086. (Zilikuwa hata na agizo la baiti moja, INTO, la kusimamisha programu ikiwa imefurika, kwenye hali ya biti 64 limeondolewa. MIPS nao wana add inayosimama na addu isiyosimama, na kompaila za C huchagua addu.) Chuma kinapiga kelele na lugha imeziba masikio.

Mahali ambapo kiwango kilishindwa kwa miongo, nyongeza za kompaila zimeweza. GCC 5, ya mwaka 2015, ilileta __builtin_add_overflow na wenzake wa kutoa na kuzidisha. Clang inazo pia. Unaandika hivi:

    int32_t mpya;
    if (__builtin_add_overflow(jumla, kiasi, &mpya))
        return KATAA;
    jumla = mpya;

Hapo huulizi swali baada ya maji kumwagika. Unaiambia kompaila ifanye hesabu na ikuletee taarifa ya bendera, na haina ruhusa ya kulifuta swali lako kwa sababu halina tabia isiyofafanuliwa ndani yake. Kerneli ya Linux imejengea juu ya hizo check_add_overflow na ndugu zake. Hatimaye kamati ya C nayo ikaamka: C23, iliyochapishwa mwaka 2024, ina kichwa kiitwacho stdckdint.h chenye ckd_add, ckd_sub na ckd_mul. Lugha ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hesabu wenyewe.

Mtasema basi mambo yamekwisha, tuna ckd_add, twende nyumbani. Hapana. Nyongeza hizi zinakulinda mahali ulipokumbuka kuziandika, na hitilafu hukaa mahali uliposahau. Ninachodai ni kwamba kwenye programu inayogusa pesa au kitu chochote kinachotoka kwenye mtandao, ukaguzi uwashwe kila mahali, na anayetaka kuuzima aandike kwa mkono wake kwamba ameuzima. Swichi ipo: -fsanitize=signed-integer-overflow, pamoja na -fsanitize-trap ili programu isimame bila kubeba maktaba nzito. Clang inaongeza -fsanitize=unsigned-integer-overflow kwa nambari zisizo na alama, kitu ambacho GCC haina. Fanksheni inayozungusha nambari kwa makusudi, kwa mfano ya kutengeneza heshi, unaipachika __attribute__((no_sanitize("integer"))) na kila msomaji anaona.

Hapo huinuka yule wa "sanitaiza ni za majaribio, si za kupelekwa kwa wateja". Toa simu yako mfukoni. Kama ni Android, imo. Julai 2015 ilitangazwa hitilafu iliyoitwa Stagefright, kwenye maktaba ya Android ya kusoma video na sauti, na sehemu kubwa ya kasoro zake ilikuwa nambari kufurika wakati wa kusoma faili za MP4. Ujumbe mmoja wa MMS ulitosha kumfungulia mlango mtu asiyekujua. Google hawakuwatuma wahandisi wakawe stadi zaidi. Kwenye Android 7.0, mwaka 2016, waliukusanya msimbo wa mediaserver ukiwa na ukaguzi wa kufurika umewashwa, kwenye simu za watu, si kwenye maabara. Hesabu ikifurika, programu inajiua. Bora video ikwame kuliko mgeni aingie chumbani.

Halafu kuna wa kasi. Huyu ndiye nampenda zaidi. Kwenye mashine yangu ya risiti, karatasi inachukua karibu sekunde mbili kutoka. Sekunde mbili! Nimewasha ukaguzi kwenye kila kujumlisha, kutoa na kuzidisha, na karani hajaona chochote kwa sababu hakuna cha kuonekana. Mahali penye gharama ya kweli ni vitanzi vinavyochakata safu ndefu za nambari, ambako ukaguzi unaizuia kompaila kufanya hesabu nyingi kwa mpigo. Sawa, pima hapo, zima hapo, weka sahihi yako. Lakini mtu anayeandika programu ya kupokea karo ya shule akiniambia habari za nanosekunde, namwomba kwanza anionyeshe hifadhidata yake.

Wengine wananitupia Ariane 5. Wanasema: tazama, kule ukaguzi ulikuwepo na ndio ulioangusha roketi. Ni kweli nusu. Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou, Guyana ya Ufaransa, roketi hiyo ilisambaratika takriban sekunde 40 baada ya safari kuanza, kwa sababu namba ya desimali ya biti 64 ilibanwa kuingia kwenye nambari kamili yenye alama ya biti 16 na haikuingia. Lugha ilikuwa Ada, kosa likagunduliwa, kompyuta ya uelekezaji ikajizima, na ya akiba nayo ikiwa na programu ileile ilikuwa imeshajizima kwa sababu hiyohiyo. Lakini soma ripoti ya uchunguzi. Vigezo saba vilikuwa na hatari hiyo. Vinne vilikingwa, vitatu vikaachwa wazi, wakati ambapo lengo lilikuwa prosesa isitumike zaidi ya asilimia 80. Kasi tena! Na msimbo wenyewe haukuwa na kazi yoyote baada ya roketi kupaa, ulikuwa umerithiwa kutoka Ariane 4. Funzo ninalochukua pale ni kwamba lazima uamue kitakachofuata baada ya kengele kulia. Anayetoka hapo na wazo la kung'oa kengele nashindwa kumwelewa.

"Si ungetumia int64_t tu yakaisha?" Jumla yangu sasa ni int64_t, naam, na ingechukua zaidi ya shilingi trilioni 92,000 kuijaza. Matatu hizo sizioni. Ila Bitcoin nayo ilikuwa ikitumia biti 64. Tarehe 15 Agosti 2010, kwenye bloku namba 74638, mtu alitengeneza muamala wenye matokeo mawili ya karibu bitcoin bilioni 92 kila moja, kwenye mfumo ambao kikomo chake ni milioni 21 kwa jumla. Yalipojumlishwa ili kukaguliwa, jumla ikafurika na kuwa hasi, na hasi ni ndogo kuliko kilichotolewa, ukaguzi ukapita. Kiraka kilitoka baada ya saa chache na bloku hiyo ikaachwa. Biti nyingi zinasogeza ukingo mbali na mtu mwaminifu. Mwizi anaufuata ulipo.

Na vijana wa Rust, nawasalimu, lugha yenu naipenda. Lakini mkikusanya toleo la kupeleka kwa wateja, kwa kawaida nambari zenu huzunguka kimya. Mnasimama kwa kelele kwenye toleo la majaribio tu, hadi mtu awashe overflow-checks. Swift husimama kila mara. Solidity ilisubiri watu waibiwe kwanza, halafu kuanzia toleo la 0.8.0 la Desemba 2020 ikafanya ukaguzi kuwa kawaida na anayetaka kuuzima aandike unchecked. Lugha ya watu wa sarafu za kubahatisha imetutangulia kwa adabu!

Mama mweka hazina alirudishiwa ofisi yake wiki iliyofuata, na mwenyekiti akamwomba radhi mbele ya mkutano, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshalifanya nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti chake cha plastiki. Nilipompelekea mashine yenye programu mpya aliishika kama mtu anayepokea kuku asiyemwamini.

"Na hii ikijaa?"

"Itakataa kupokea, Mama. Haitadanganya."

"Na karani atajuaje kwamba imekataa?"

Nikamwonyesha kwa fahari. Ilikuwa ikichapisha ERR 07. Alinitazama kwa muda, akairudisha mashine mezani upande wangu. Siku hizi inachapisha: JUMLA IMEJAA. PESA HAIJAPOKELEWA. MRUDISHIE MTEJA, MPIGIE FUNDI. Chini yake ipo nambari yangu ya simu.